Hadidiski ya nje kwa bakapu ya laptopu: yaliyonikuta mpaka nikanunua mbili

Mimi ni mpiga picha hapa Moshi, napiga harusi, sendofu, kipaimara, komunyo, misa za shukrani, na mwenyeji yeyote wa Kilimanjaro anajua Desemba inakuwaje, watu wote wamerudi nyumbani, kuna siku asubuhi niko Kibosho mchana niko Marangu, usiku nikifika nina memori kadi tatu zimejaa na laptopu yenyewe ni ya GB 256 ambayo sehemu kubwa imeshaliwa na Windows na programu za kueditia. Harusi moja kwangu inatoa picha kama 1,200, kila moja ikiwa ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera inakaribia MB 25, yaani GB 30 hizo hapo kabla hujagusa chochote. Wanaosema weka kwenye klaudi, sawa, lakini Google wanakupa GB 15 za bure, hiyo ni nusu ya harusi moja, na bando la kupandisha GB 30 kila wikiendi mimi sina.

Kwa hiyo 2019 nikanunua hadidiski ya nje ya TB 1. Kampuni siitaji kwa sababu kilichotokea hakikusababishwa na kampuni.

Nilichokuwa nafanya ni hivi, laptopu ikijaa nakata folda nzima nabandika kwenye hadidiski, laptopu inabaki nyepesi, maisha yanaendelea. Mteja akiniuliza picha zetu unazitunza wapi namjibu kwa kujiamini kabisa kwamba usijali nina bakapu. Sasa hapa naomba tuelewane vizuri maana naona wenzangu wengi bado wanafanya hivi hivi mpaka leo: ukikata huku ukabandika kule ile picha bado iko sehemu MOJA, umeihamisha nyumba tu. Bakapu ni pale kitu kinapokuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, huku kikifa kule kipo. Mimi kwa miaka mitatu sikuwa na bakapu hata siku moja, nilikuwa na stoo.

Agosti 2022 niko ofisini naedit moja kwa moja kutoka kwenye hadidiski (hilo nalo usifanye), waya wake unaning'inia ukingoni mwa meza, nikasogeza kiti nisimame nimpokee mteja, mguu wa kiti ukaunasa waya. Kilikuwa kimo cha meza tu na chini kuna kapeti la plastiki, haikupasuka wala haikupata mkwaruzo, ukiiangalia ni nzima. Nilipochomeka tena ikaanza tik... tik... tik... halafu kimya, halafu tik tena. Baadaye Windows ikaniuliza kama nataka kuifomati, yaani kuifuta ianze upya. Ukifika hapo tafadhali kataa, usibonyeze ndiyo, na ichomoe usiendelee kuilazimisha kwa sababu kila inapozunguka inazidi kujiumiza.

Fundi alinieleza vizuri. Mle ndani kuna sahani, hizi ndogo za kubebeka nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, ambayo ni mara 90 kila sekunde, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko hata unene wa unywele, kwa mbali sana. Ikianguka imezimwa kichwa kinakuwa kimepaki pembeni, una bahati. Ikianguka inazunguka kichwa kinagonga sahani, na pale kilipogonga ndipo picha zako zilipo. Usimruhusu mtu aifungue mezani na bisibisi aone kuna nini, vumbi la kawaida tu linatosha kuimaliza. Huyu wangu alikuwa mwaminifu, alisema mimi ntavuta kinachovutika bila kufungua, kilichobaki kinataka chumba maalum kisicho na vumbi na gharama yake sio ya hapa.

Kwenye picha kama elfu ishirini na moja zikatoka elfu sita na kidogo. Nyingi mbovu.

Sasa Oktoba, miezi miwili baadaye, akaja mama mmoja ambaye Desemba iliyopita nilienda kwao kupiga misa ya shukrani, bibi yao alikuwa anatimiza miaka 90. Namkumbuka bibi yule, amevaa kitenge kipya na kilemba cheupe, ameshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mikono miwili anacheka, nilipiga ile picha nikajua hapo hapo kwamba hii ndiyo. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa, akasema bibi ametutoka juzi, naomba ile picha ya kata unitolee kubwa ya kuweka kwenye fremu, tunazika Ijumaa. Nikafungua yale mafaili aliyovuta fundi nikaitafuta nikaipata. Kilemba kipo, paji la uso lipo, macho yapo, halafu picha inaishia puani, kuanzia hapo kushuka chini ni rangi ya kijivu tupu. Mdomo unaocheka hakuna, kata hakuna, mikono hakuna.

Kwenye simu yake alikuwa nayo ile niliyowatumia WhatsApp siku ileile, lakini WhatsApp kwa kawaida inaibana picha ibaki na pikseli kama 1600 upande mrefu, ukiitoa A3 inakuja na ukungu. Tukaitoa ndogo. Mama yule hakunisema vibaya hata neno moja, alishukuru akaondoka na bahasha yake, na mimi wiki ile sikupiga kazi yoyote.

Novemba nikanunua hadidiski mbili kwa mpigo, WD Elements ya TB 2 na Toshiba Canvio Basics ya TB 2, zote mbili karibu laki tano. Nilichagua makampuni mawili tofauti makusudi ili zisije zikawa zimetoka kiwandani pamoja zikazeeka pamoja. Review yenyewe ndo hii sasa.

Zote ni ndogo, inaenea kiganjani, zinakula umeme wa USB hukohuko hazihitaji chaja. Ukiichomeka TB 2 inaonyesha 1.81 usishtuke hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu na Windows inahesabu kwa 1,024, ndo maana hata ile TB 1 inasoma GB 931. Kuibiwa kwenyewe ni kule kwa hizi zinazouzwa elfu ishirini na tano zimeandikwa TB 2, ganda la hadidiski ndani wameweka memori kadi ndogo iliyodanganywa isome kubwa, unakopi kila kitu kinaingia vizuri ila kikishavuka ule ukubwa wake wa kweli vinavyofuata vinapotea. Mimi kabla sijaweka hata picha moja nilizipima na programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza diski yote halafu inasoma tena kuhakikisha, nilianzisha saa nne usiku ikamaliza saa nne asubuhi, kila moja usiku wake. Ni usumbufu lakini ulale na amani.

Spidi inategemea zaidi tundu unalochomeka. Laptopu yangu ina matundu matatu, lenye ulimi wa bluu ndani ni USB 3, humo napata MB 100 mpaka 110 kwa sekunde kwa mafaili makubwa, yale meusi mawili ni USB 2, humo haivuki 35. Harusi ya GB 30 kwenye la bluu ni kama dakika tano, kwenye jeusi ni robo saa. Kwa muda mrefu nilikuwa nachomeka jeusi kwa sababu ndo liko upande wa mkono wangu, nikawa nasema hizi hadidiski nzito! Ila mafaili madogo madogo mengi, mfano folda ya risiti na mialiko, yanakwenda taratibu hata kwenye bluu, hilo vumilia.

Kukopi natumia programu inaitwa FreeFileSync, ya bure, unaweka folda ya laptopu kushoto na ya hadidiski kulia inakuonyesha kipi kipya kipi kimebadilika, unabonyeza inapeleka tofauti tu haianzi upya. Angalia sana kitu kimoja, ina namna ya kufanya kulia kufanane na kushoto kabisa, ukichagua hiyo na wewe ulishafuta kitu kwenye laptopu, inaenda kukifuta na kwenye bakapu. Mimi natumia ile ya kupeleka vipya tu. Windows yenyewe nayo ina File History toka Windows 8, ukiiwasha inatunza matoleo ya mafaili kila saa kama hadidiski imechomekwa, nzuri kwa anayeandika makaratasi, ila kwangu mimi kuiacha imechomekwa kutwa siwezi. Ofisini kwangu watu wanaleta flashi za kila aina, zile zenye kirusi cha kugeuza folda kuwa njia za mkato nimeziona nyingi mno, na kuna virusi vinavyofunga mafaili yote vinadai hela, navyo vikiikuta bakapu imechomekwa vinaifunga pamoja na laptopu. Yangu inachomekwa inakopi inatoka inarudi droo. Na haichomekwi kwenye kompyuta ya mteja hata aombe vipi, picha za mteja naweka kwenye flashi.

Moja inakaa droo ya ofisi, nyingine inakaa kwa dada yangu Majengo, Jumapili baada ya ibada nampelekea hii nachukua ile. Alianza kuniona kama nimechanganyikiwa. Lakini fikiria mwizi akivunja ofisi, anachukua laptopu na hadidiski iliyo pembeni yake kwa mkono mmoja, au moto, vyote viko chumba kimoja. Halafu memori kadi siifuti mpaka picha zake ziwe zimefika kwenye hadidiski ZOTE mbili.

Na nyie ambao mna bakapu, mmeshawahi kujaribu kurudisha? Mimi nililazimika. Aprili 2024 wakati wa masika umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, laptopu iko kwenye chaji, ikafa palepale, fundi akasema bodi, subiri wiki mbili. Ilikuwa Jumatano na Jumamosi natakiwa nikabidhi albamu ya harusi. Nikaazima laptopu ya dada, ya zamani ina USB 2 tu, nikachomeka ile Toshiba, GB 34, dakika kumi na saba zote ziko ndani. Nilichopoteza ni kuedit kwa Jumatatu na Jumanne tu, nikakesha siku mbili nikarudia, Jumamosi nikakabidhi. Bwana harusi hajui chochote mpaka leo. Toka hapo kila baada ya miezi mitatu nachagua folda moja bila mpangilio naifungua kutoka kwenye hadidiski, sio kuangalia jina tu, nafungua picha mpaka naziona.

Malalamiko yapo. Kichwa cha waya upande wa hadidiski ni kile kipana chenye sehemu mbili, hadidiski nyingi za makampuni tofauti bado zinatumia hicho, ukichomeka kwa haraka haraka kinalegea, nikanunua waya wa akiba. Na hazina ulinzi wowote, akiiokota mtu anaona familia za watu. Windows ya Pro ina BitLocker ya kuifungia, yangu ni Home, kwa hiyo picha na mahesabu nimeziweka ndani ya VeraCrypt, programu ya kufungia mafaili kwa nywila, ya bure nayo, inahitaji nywila ndefu na ukiisahau hakuna wa kukusaidia, nywila nimeiandika karatasi ipo kwa mama. Hali ya afya yake naangalia na programu ya CrystalDiskInfo mwisho wa mwezi, alama yake ikiwa ya bluu ni salama ikigeuka njano anza kukopi siku hiyohiyo. Zangu zote bado bluu.

Kuna anayeniuliza kwa nini sikununua SSD ya nje, haina sahani, ikianguka haigongi. Ni kweli, na kama unazunguka nayo kwenye begi kila siku nunua hiyo. Mimi zangu hazizunguki, na kwa hela ya SSD moja ya TB 2 nilipata hizi mbili, na kwangu mbili ndo muhimu.

Ile ya zamani sijaitupa. Iko droo ya chini imefungwa kwenye kitambaa, nimeandika juu yake jina la bibi na tarehe ya misa, na kila Desemba naweka pembeni hela kidogo kwa ajili ya kile chumba kisicho na vumbi. Mama yule nilishamwambia.