Niliwapa CD zangu, wakanirudishia nyimbo za kwenye kompyuta yao

Hawa wa duka la kuhamisha nyimbo za CD ningewapa nyota mbili, maana kazi ilikuwa tayari siku waliyosema, na kwa mafundi wa mjini hilo si dogo. Lakini ngojeni niwaeleze.

Nina CD za rumba na za muziki wetu wa zamani, nyingi nilizinunua River Road, Nairobi, enzi maduka ya muziki bado yamejaa kule: Franco na TPOK Jazz, Les Wanyika, Mbaraka Mwinshehe. Juzijuzi nikapata pleya ndogo ya kidijitali, ile ya muziki tu, isiyo na simu wala WhatsApp, nikataka zote ziingie humo. Kompyuta yangu haina mahali pa kutia CD. Nikaelekezwa duka moja ghorofani, karibu na Luthuli Avenue, lenye bango kwamba wanahamisha CD "kwa ubora uleule".

Mwenye duka nilimweleza polepole. Nataka faili za muziki za aina ya FLAC, sitaki za MP3. CD inatoa kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 ya kilobiti 128 inabaki na kama sehemu moja kati ya kumi na moja, nyingine zimetupwa. FLAC inapunguza ukubwa wa faili, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kutupa kitu. Akaitikia kwa kichwa, akaandika "FLAC" kwenye risiti, akataka nusu ya pesa kabla. Nikamtumia kwa M-Pesa palepale.

Nilipoenda kuchukua nilifurahi, sikatai. Majina ya nyimbo yamepangwa, picha za majalada zipo. Anayejua kazi hii anajua kwamba CD za zamani kwa kawaida hazibebi majina. Ukizitia kwenye kompyuta unaona namba za nyimbo tu, na programu ndiyo inayoyatafuta majina kwenye intaneti. Nikasema hawa wamejituma.

Nyumbani nikavaa hedifoni. Matoazi yalisikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Nikavumilia. Kisha katikati ya sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezeka, pale gitaa la solo linapoanza kupanda na kila aliyekulia na muziki huu ananyamaza asikilize, ikaingia sauti ya DJ, anajitangaza jina.

DJ! Kwenye CD yangu, ambayo haijawahi kupita mikononi mwa DJ yeyote!

Yaani hata hawakuitia kwenye mashine. Walichukua MP3 walizokuwa nazo, wakazigeuza kuwa FLAC ili zifanane na risiti. Kufanya hivyo kunaongeza uzito wa faili tu, kilichotupwa hakirudi. Mpwa wangu alizifungua kwa Spek, programu ya bure inayochora sauti. Rangi zinapanda hadi karibu kilohezi 16 (kipimo cha wembamba wa sauti), halafu zinakatika, juu yake ni weusi mtupu, wimbo baada ya wimbo. CD ina nafasi hadi kilohezi 22. Najua rekodi za zamani zina upungufu wake huko juu, lakini hazikatiki mahali pamoja kwa kila bendi na kila mwaka.

Nilirudi pale. Mwenye duka hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Mzee, wimbo si unalia? Sasa shida iko wapi?" Nikamchezea sehemu ya DJ. Akageukia wateja waliokuwa wamekaa: "Huyu mzee anataka asikie mpaka jasho la Franco likidondoka." Wakacheka.

Ndiyo, nataka. Nilimwambia hivyo, mikono ikinitetemeka. Franco alifariki mwaka wa 1989, haendi tena studio, na kilichobaki ni hizi diski ambazo huyu mwenye duka anazirundika mezani bila makasha. Akaniambia nisimharibie biashara.

Kijana wa kaunta simlaumu. Alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akaniambia, "Pole sana, mzee wangu." Kwa ajili yake tu nyota mbili zingebaki. Lakini kila nikikumbuka yale majina yalivyopangwa vizuri, nani aliyapanga? Ni yeye huyohuyo. Aliona faili zinatoka wapi, akanipokea na tabasamu. Basi nyota moja, na hiyo ni kwa sababu huwezi kuandika sufuri.

Nimenunua kisomeo cha CD cha kuchomeka kwa USB, mtaa huohuo, na nazihamisha mwenyewe kwa programu iitwayo Exact Audio Copy, ambayo kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Ni ya polepole. Ikikuta mkwaruzo inarudia kusoma pale pale, na mwishoni inalinganisha matokeo na ya watu wengine walioisoma CD hiyohiyo. Matoazi yamerudi. Gitaa la rizimu, ambalo kwenye zile faili zao lilikuwa limezama, sasa linasikika upande wake.

Pesa sijarudishiwa. Kama bado mnataka kwenda kwa watu wa aina hii, bebeni CD moja kwanza, msimame hapohapo mpaka muione ikiingia mashineni, na msilipe hata shilingi kabla hamjausikiliza wimbo mzima, sebene na yote.