LEGO Classic 10696 kwa mazoezi ya mazungumzo

Boksi hili la vipande 484 vya kujengea linafaa kwa tiba ya LEGO, mbinu ya Daniel LeGoff kwa watoto wenye usonji, ila usilimwage lote mezani: vipande 20 vinatosha. Rangi ni nyingi mno. Ondoa zinazokaribiana, watoto hugombania kijani kipi ni kipi.

Watoto watatu hugawana kazi: “mhandisi” peke yake ndiye anayeona mchoro na kuelekeza, wa pili anatafuta vipande, wa tatu anajenga. Mjenzi akichungulia, hakuna tena sababu ya kuongea. Weka kadibodi katikati. “Nipe kile” isikubaliwe. Mhandisi adai “chekundu, vinundu vinne”. Akikwama, mtu mzima ahesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia (wengi hatuwezi). Kisha wabadilishane kazi.

Anayetia vitu mdomoni, mnunulie Duplo, vipande vikubwa vya LEGO.