Utafiti wa lishe tiba: wodini au kwenye takwimu?

Anayetaka kuwa mtafiti wa lishe katika matibabu huchagua, mapema kuliko anavyodhani, kati ya majaribio kwa wagonjwa na kufuatilia makundi makubwa ya watu kwa miaka.

Majaribio ndiyo yanayobadilisha matibabu. Jaribio la EFFORT la Uswisi, lililochapishwa 2019, liliwagawa kwa nasibu wagonjwa zaidi ya 2,000 waliolazwa wakiwa hatarini kupata utapiamlo. Waliopangiwa lishe kulingana na mahitaji yao walipata madhara machache, na vifo ndani ya siku 30 vilipungua. Lakini kazi yenyewe ni ngumu: kusubiri kibali cha kamati ya maadili, kupima mabaki ya kila sahani, na kugundua kwamba ndugu wa mgonjwa wamemletea chakula kimyakimya. Ukikosea kuwagawa washiriki kwa nasibu, umeumia. Ripoti ya 2013 ya PREDIMED, jaribio la Hispania kuhusu mlo wa Mediterania, iliondolewa jaridani na kuchapishwa upya 2018 kwa kasoro hiyo.

Kwenye takwimu, mwanafunzi wa uzamivu anaweza kukuta data tayari, kama za Nurses' Health Study ya Marekani, iliyoanza 1976 na wauguzi zaidi ya 120,000. Machapisho huja haraka. Tatizo ni kwamba dodoso hutegemea kumbukumbu (nani anakumbuka alichokula mwezi uliopita?), na walaji wazuri wa mboga mara nyingi pia hawavuti sigara, hivyo ni vigumu kujua kipi kiliwasaidia.

Kama ufadhili wako ni wa miaka mitatu tu, mimi ningeanza na takwimu. Mwenye leseni ya kutibu asiiache wodi.