Siku ya kurudi chuoni waliyotuandalia: historia wameiweza, taji na maua ya plastiki wayatoe

Kwa wale mnaouliza kwenye magrupu kama hii huduma ya kuandaliwa siku ya kurudi chuo (homecoming, wahitimu wakirudi kukutana chuoni) ni ya maana ama ni kumaliza pesa tu, jibu langu ni chukueni, lakini msichukue kifurushi kizima. Sisi tulichukua kizima, elfu nne na mia tano kwa kichwa, watu wa mwaka mmoja pale Chuo Kikuu cha Nairobi (UoN) miaka ya tisini pamoja na wazee kadhaa waliotutangulia, na sehemu kubwa ya hiyo pesa ilienda mahali sawa kabisa, sehemu ingine ikaenda kwa vitu ambavyo hakuna mtu wetu angeitisha kama angeulizwa. Jina la kampuni siweki, ni vijana bado wanajijenga na malalamiko yangu nishawapa wenyewe uso kwa uso.

Programu ilikuwa hivi, asubuhi matembezi kampasi kuu na maelezo ya historia, mchana nyama, alasiri mechi ya raga, halafu jioni moto na kuvisha watu taji.

Asubuhi ndio nitaongea sana juu ndio ilinishika. Tulikutana karibu na ile chemchemi ya Fountain of Knowledge tukapelekwa Great Court, na dada aliyetuongoza hakuanza na Nairobi, alianza na Marekani, kwa sababu hii kawaida ya chuo kuita watu wake wa zamani warudi siku moja ya msimu wa mpira, ule wao wa Kimarekani, ilikomaa huko. Akasema kuna vyuo vitatu mpaka leo vinabishana nani alianza. Baylor kule Texas wanasema ni wao, Novemba 1909, walikuwa na gwaride, moto na mechi, lakini baada ya hapo hawakurudia hadi 1915. Illinois wanasema ni wao, 1910, wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho ndio walipeleka wazo kwa wakubwa wa chuo, na wakacheza na Chicago wakashinda 3-0, na hoja yao ni kwamba wao walifanya ikawa kitu cha kila mwaka. Wa tatu ni Missouri, 1911, na wengi huwa wanawapa hao sifa.

Hiyo ya Missouri ndio alituelezea vizuri mpaka watu wakaacha simu. Missouri na Kansas walikuwa mahasimu wa kweli, uhasama ambao mizizi yake ni vita vya mpakani vya kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kwa miaka mingi mechi yao ilikuwa inachezwa Kansas City, mji wa katikati, si kwa huyu si kwa yule. Ikaja sheria mpya ya ligi kwamba mechi lazima zichezwe ndani ya vyuo. Sasa mkuu wa michezo wa Missouri, Chester Brewer, akawa na shida, nani atatoka mbali kote aje mji mdogo wa Columbia kuangalia mechi? Akaamua kuita wahitimu wote warudi nyumbani, akapanga gwaride na mkutano wa hamasa, na watu zaidi ya 9,000 wakafika. Mechi ikaisha 3-3. Na huko Lawrence, mji wa Kansas, watu zaidi ya elfu moja walikusanyika katikati ya mji kufuata mechi hiyohiyo, matokeo yanaingia kwa telegrafu na kuna ubao mkubwa wa uwanja unaoonyesha mpira umefika wapi, mwaka wa 1911 huo, redio bado haijafika kwa watu!

Mimi kilichonibaki hapo ni sababu. Hiyo kawaida haikuanza juu mtu amekumbuka chuo akalia, ilianza kwa sababu kulikuwa na mechi ya kujaza na mpinzani wa kupigwa, yani watu walipewa kitu cha kuja kufanya. Hayo mengine yote yalikuja kupachikwa juu yake.

Halafu akaingia kwa vyuo vya watu weusi vya Marekani na nafikiri hapo angepewa saa nzima zaidi. Howard ya Washington, chuo cha tangu 1867, siku yao ya kurudi inavuta hata watu ambao hawakusoma hapo, mtu anarudi na wazazi na watoto, wimbo na chakula na mavazi vyote viko. Florida A&M wao wana bendi yao ya Marching 100 iliyojengwa na William Foster kuanzia 1946, na kuna watu hawaondoki kwenda chooni wakati wa mapumziko ya mechi kwa sababu bendi ndio inaingia. Kwa hivi vyuo, enzi ambazo milango ya vyuo vingine vingi ilikuwa imefungwa kwa mtu mweusi, kurudi chuoni kulikuwa kurudi mahali ambapo uliheshimiwa. Hiyo ilinigusa sana, na niliona wazee wetu pia wametulia kabisa.

Ndio akaja nyumbani. Wanafunzi wa kwanza waliingia hapo 1956 kikiitwa Royal Technical College of East Africa, 1961 kikawa Royal College Nairobi na digrii za London, 1963 kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, 1970 ndio kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hivyo una wazee ambao cheti chao kina jina la chuo ambacho hakipo tena, na mmoja wao alikuwa na sisi, mzee wetu mpole sana, akaombwa aongee kidogo na akaongea kuhusu kula mess moja na watu wa Uganda na Tanganyika. Hiyo haikuwa kwa programu, dada aliona tu mzee ana neno akampa nafasi. Mtu wa kazi anajulikana hapo.

Na hakuruka yale magumu, kitu nilikuwa naogopa wataruka ili siku ibaki tamu. Alisema wazi kwamba kwetu kukusanyika kampasi kulikuwa na maana tofauti. Baada ya JM Kariuki, mbunge aliyekuwa anaikosoa serikali, kuuawa Machi 1975 wanafunzi walikuwa wanaadhimisha kila Machi 2, na polisi wanawangojea. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 chuo kilifungwa mpaka 1983, na mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi, Titus Adungosi, akahukumiwa miaka 10, akafia gerezani 1988. Tulisimama kimya kwa ajili yake hapo Great Court. Sasa ukiuliza kwa nini sisi hatuna mila ya kurudi chuoni ya miaka mia kama hao wenzetu, sehemu kubwa ya jibu iko hapo, serikali ilikuwa inaogopa wanafunzi wakikusanyika, na mila ya kukusanyika haikui mahali watu wanatawanywa. Lakini pia tulikuwa na mkutano wetu wenyewe wa wanafunzi, kamukunji, na hiyo hakuna mtu wa UoN wa umri wangu anahitaji kuelezewa.

Mchana sina mengi, mbuzi alikuwa ameiva, kachumbari fresh, mukimo ilitosha, waliokuwa hawali nyama walipikiwa maharagwe na chapati bila kuomba mara mbili. Spika zilikuwa zinakatika ila walizirekebisha.

Mechi sasa! Walitafuta wachezaji wa zamani wa Mean Machine, timu ya raga ya UoN, na wa Blak Blad ya Kenyatta University (KU), wakacheza raga ya kugusana tu juu magoti ya watu si yale ya zamani, lakini kelele ilikuwa ileile. Mama mmoja wa mwaka wetu ambaye asubuhi yote alikuwa amekaa kimya alisimama kwa laini akaanza kuimba nyimbo za comrades, yani za wanafunzi, na watu wote wakamfuata, hata wa KU wakajibu na zao. Hiyo ndio ilikuwa siku yenyewe. Mtu akitaka kujua pesa yake imeenda wapi, imeenda hapo na kwa historia ya asubuhi.

Halafu jioni wakaiharibu kiasi. Emsii akachukua maiki akaanza mashindano ya mfalme na malkia, watu wazima wenye wajukuu wanaitwa mbele wajaribu kutembea kwa madaha wapigiwe makofi, na ilichukua muda mrefu sana, wengine wakaanza kuita magari. Huko Marekani kwenyewe hili jambo la mfalme na malkia lilikuja baadaye na vyuo kadhaa siku hizi vimeliacha ama vimelibadilisha, basi kwa nini sisi tulipie? Muda ule ungekuwa wa kamukunji, kila mwaka unatoa mtu mmoja anaongea, mnabishana, mnapitisha azimio. Kila mtu pale angejua la kufanya.

Na maua. Texas wana mila ya krisanthemamu, siku ya kurudi mtu anavaa ua hilo kifuani na siku hizi ni makubwa na riboni mpaka chini. Sawa, wazo zuri, lakini tulipewa ya plastiki. Nchi hii inapeleka maua ulaya kila usiku na City Market pale Muindi Mbingu unapata fresh kwa bei ya kuongea! Hilo sikubali na niliwaambia.

Moto ulikuwa mdogo na mlinzi alikuwa na mchanga na maji karibu, hiyo nawasifu. Kule Texas A&M moto wao mkubwa wa kabla ya mechi na mahasimu wao ulikuwa mnara wa maelfu ya magogo, ukaanguka Novemba 18, 1999 ukiwa bado unajengwa, watu 12 wakafa, na chuo kikaacha kuudhamini. Kwa hivyo mkiambiwa mnaweza kuongeza moto mkubwa kwa pesa kidogo zaidi, kataeni.

Kitu kingine kilikosekana ni harambee. Huko wenzetu siku hii pia ni siku ya kuchangia karo za wanafunzi, na sisi tulikuwa hapo watu wenye kazi, wengine na biashara, na hakuna hata paybill ilitajwa. Sisi wenyewe tulichanga kwa grupu siku iliyofuata, lakini ingefanyika pale uwanjani baada ya mechi, watu wakiwa bado wamechangamka, ingekuwa mara kadhaa zaidi.

Kwa hivyo mkiongea nao itisheni vitu vitatu tu, matembezi, chakula na mechi, walinitajia elfu tatu kwa kichwa kwa hivyo vitatu, mkiwa hamsini na zaidi. Ombeni dada yuleyule wa historia na mumwambie mapema kama kuna wazee kwenu ili awapangie muda. Kibali cha kuingia kampasi wanashughulikia wao, lakini epukeni wiki za mitihani na mahafali, na tarehe mlinganishe kwanza na ratiba ya raga juu wachezaji wa zamani wengi ni makocha na marefa, wikendi za ligi hamtawapata.