Uzoefu wangu wa tiba ya mazoezi baada ya ugonjwa wa sikio la ndani

Huduma ninayoieleza hapa ni tiba ya mazoezi ya kurejesha usawa wa mwili, niliyoipata katika kliniki moja ya fiziotherapia jijini Dar es Salaam baada ya neva ya usawa ya sikio langu la kushoto kuvimba. Nitoe hukumu yangu mapema: huduma hii inafaa na ina thamani ya fedha nilizolipa, lakini haina raha hata kidogo, na anayekwenda akitarajia kulala kitandani na kukandwa atarudi nyumbani amekasirika. Kazi ya mtaalamu ni kukufanyisha, kwa makusudi na kwa vipimo, kile kile kinachokuletea kizunguzungu, mpaka ubongo wako ukizoee.

Ugonjwa ulinianza alfajiri bila dalili yoyote ya kutangulia. Chumba kilizunguka upande mmoja bila kusimama, nikawa natapika hata maji, na kila nilipojaribu kusimama nilivutwa kushoto mpaka nikashika ukuta. Katika zahanati ya kwanza nilipimwa malaria na presha, vyote vikawa sawa, nikapewa sindano ya kuzuia kutapika pamoja na vidonge vya kutuliza kizunguzungu, na kuambiwa kwamba ni uchovu wa kazi. Sikushangaa sana, kwa sababu kwetu mtu akisema anazungukwa kichwa, jibu la kwanza ni presha, la pili malaria na la tatu upungufu wa damu. Sikio halikumbukwi ila pale linapouma au kutoa usaha, na langu halikuwa na lolote kati ya hayo.

Aliyelikumbuka ni daktari wa masikio, pua na koo niliyeonana naye siku chache baadaye katika hospitali kubwa. Alifanya kipimo kisichohitaji mashine wala umeme. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nimtazame puani nisibandue macho, kisha akakigeuza kichwa changu ghafla, kwa pembe ndogo. Alipokigeuza kulia, macho yalibaki pale pale puani pake. Alipokigeuza kushoto, macho yalichukuliwa pamoja na kichwa, kisha yakaruka kurudi mahali pake, na mimi mwenyewe niliuhisi ule mruko. Nimesoma baadaye kwamba kipimo hiki kilielezwa na madaktari Halmagyi na Curthoys wa Sydney, Australia, mwaka 1988, nami nastaajabu kwamba jambo la sekunde chache, lisilo na gharama, halifanywi katika kila zahanati. Kwa kuwa usikivu wangu ulikuwa haujapungua, alieleza kwamba tatizo lilikuwa kwenye neva inayopeleka habari za usawa, na kwamba mara nyingi hudhaniwa kuwa chanzo chake ni virusi.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nikubali kwenda kwenye mazoezi, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyaelewa. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, ambayo hupeleka kwenye ubongo habari za kila mzunguko wa kichwa, na hata kichwa kikitulia masikio yote mawili huendelea kutuma ishara zenye nguvu sawa. Upande mmoja ukidhoofika ghafla, ubongo hupokea ishara nyingi kutoka upande wa pili na kuamini kwamba mwili unazunguka. Neva yenyewe inaweza kupona yote, kupona nusu, au isipone kabisa. Hata hivyo mgonjwa anaweza kurudi kwenye maisha yake, kwa sababu ubongo una uwezo wa kujipanga upya na kuizoea tofauti hiyo. Hujipanga pale tu unapokutana na kosa na kulazimika kulirekebisha. Ndiyo maana daktari aliniachisha vile vidonge nilivyoandikiwa vya mwezi mzima: vinasaidia katika siku za mwanzo, mtu anapotapika na kushindwa kuinua kichwa, lakini vikiendelea muda mrefu huutuliza hata ubongo unaotakiwa kujifunza.

Kikao cha kwanza kliniki kilikuwa kirefu kuliko nilivyotegemea, na karibu chote kilikuwa cha maswali na vipimo. Mtaalamu, dada wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniuliza nafanya kazi gani, nasafiri kwa njia gani, nalala upande upi, na ni jambo gani nimeliacha tangu niugue. Kisha alinisimamisha miguu ikiwa pamoja, macho wazi halafu yamefumbwa, mwanzo juu ya sakafu na baadaye juu ya kipande cha sponji nene. Juu ya sakafu, macho yakiwa wazi, nilisimama kama mtu mzima. Juu ya sponji, macho yamefumbwa, nilianguka mikononi mwake papo hapo. Alieleza kwamba usawa una nguzo tatu, yaani macho, hisia za miguu na viungo, na sikio la ndani, na kwamba yeye alikuwa ameniondolea mbili za kwanza ili aone ya tatu imebaki na nini.

Zoezi la msingi linachosha kwa urahisi wake. Unabandika ukutani kadi yenye herufi moja, unasimama umbali wa mkono, unaitazama ile herufi huku ukitikisa kichwa kulia na kushoto, na sharti ni kwamba herufi isitetemeke wala kufifia. Ikififia, unapunguza kasi, ikitulia, unaongeza. Baadaye unafanya hivyo kwa kuinua na kuinamisha kichwa, kisha ukiwa umesimama juu ya sponji, kisha ukitembea. Kipimo alichonipa cha kujua kama nimezidisha kilinisaidia kuliko maneno yote ya kutia moyo: kizunguzungu kiongezeke kidogo wakati wa zoezi, kisha kishuke ndani ya dakika chache za kupumzika, kikidumu kwa saa kadhaa, dozi ilikuwa kubwa, na kisipoongezeka kabisa, ilikuwa ndogo mno.

Mazoezi mengine yalitoka katika utaratibu wa zamani uliotungwa Uingereza katika miaka ya 1940 na Cawthorne, daktari wa masikio, na mwenzake Cooksey, kwa ajili ya watu waliopoteza usawa wao, wakiwemo waliojeruhiwa kichwani. Unaanza na macho peke yake ukiwa kitandani, kisha kichwa, kisha kuketi na kuinama kuokota kitu, kusimama na kuketi, kurusha mpira kutoka mkono mmoja kwenda mwingine juu ya usawa wa macho, kupanda na kushuka ngazi, na hatimaye kumzunguka mtu aliyesimama katikati huku mkirushiana mpira. Zoezi hili la mwisho lilipata wasaidizi wengi nyumbani kwangu, maana watoto wa dada yangu waliliona ni mchezo na hawakukubali liishe.

Kinachoitofautisha huduma hii na karatasi ya mazoezi ambayo mtu angeweza kuipata bure ni jinsi mtaalamu alivyoyashona mazoezi kwenye maisha yangu. Mimi ni mwalimu, na sikuwa nimewahi kutambua kwamba kazi ya ubao ni kugeuza kichwa kutwa nzima: unaandika, unageuka kumtazama aliyenyoosha kidole, unainama kwenye daftari, unageuka tena. Alibandika kadi mbili kwenye kuta zinazoelekeana na kunifanya nisome neno la hapa na neno la pale, nikigeuka mwili mzima, huku akisema, "Mwalimu, usikimbie, darasa halitakuhama." Nilipomwambia kwamba ninaswali nikiwa nimeketi kwenye kiti kwa sababu rukuu na sujudi zilinipindua, hakuishia kunipa pole, aliliingiza jambo hilo kwenye ratiba, kwanza kuinama nikiwa kwenye kiti na paji la uso likishuka hadi magotini, kisha kupiga magoti nikiegemea kitanda, kisha sakafuni. Yeye si Mwislamu, na alinitaka nimwonyeshe mwendo mzima wa rakaa ili asikosee mpangilio. Siku niliyorudi kwenye mkeka nilimpigia simu yeye kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

Kivuko cha Kigamboni kilikuwa mtihani wa aina nyingine. Naishi ng'ambo, na kwa mtu mwenye sikio zima yumbo la pale ni dogo mno hata halisemwi, lakini kwangu sakafu iliendelea kuyumba hata baada ya kushuka upande wa Magogoni. Ushauri wake ulikuwa wa hatua kwa hatua: kwanza kuketi na kukazia macho majengo ya ng'ambo badala ya maji, kisha kusimama nikishika chuma, kisha kusimama bila kushika nikiwa katikati ya watu. Msongamano wa watu wenyewe ulikuwa tatizo la peke yake. Pale Kariakoo, ambako kila kitu kinapita mbele ya macho kwa kasi na kwa pande zote, nilizidiwa kuliko kwenye barabara tupu, kwa kuwa ubongo uliokosa habari za sikio huyategemea macho kupita kiasi, nayo macho hapo hayana mahali pa kutulia. Umeme ulipokatika usiku mambo yaligeuka, nikawa sina macho wala sikio, nimebakiwa na nyayo tu. Tochi kando ya mto wa kulalia, na kuwasha kabla ya kushusha miguu, ni ushauri mdogo ambao ningependa kila mgonjwa wa namna hii apewe siku ya kwanza.

Malalamiko ninayo. Kliniki ipo ghorofa ya pili, ngazi zake zina kishikio upande mmoja tu, na lifti haikuwa ikifanya kazi mara zote nilizokwenda. Kwa jengo linalopokea watu wasioweza kusimama wima, hilo ni jambo la kuaibisha. Chumba cha kusubiri kina feni kubwa ya dari iliyo mbele kabisa ya macho ya anayeketi, na chini yake televisheni inayopigishwa picha za muziki zinazokatakata kila sekunde. Niliomba izimwe, ilizimwa kwa heshima, lakini nilipokuja tena niliikuta inawaka. Karatasi ya mazoezi imeandikwa kwa Kiingereza na michoro yake imenakiliwa mara nyingi hata huwezi kujua mtu wa kwenye picha ameketi au amechuchumaa, kwa hiyo niliiandika upya kwa Kiswahili na kumwachia mtaalamu nakala. Bima yangu ililipia kumwona daktari na kipimo cha usikivu, ikakataa mazoezi, hivyo vikao vyote nililipa taslimu. Kwa upande mwingine, mtaalamu alijibu ujumbe wangu wa sauti kwenye WhatsApp kila nilipokwama, hata siku za mapumziko, na hilo lilipunguza idadi ya safari.

Alinitahadharisha pia kwamba kupona huku hakuendi kwa mstari ulionyooka. Mafua, usiku wa kukosa usingizi au wiki ya mitihani shuleni vinaweza kurudisha kuyumba kwa siku kadhaa, bila neva kuugua upya. Ilitokea hivyo hasa, na kama nisingekuwa nimeambiwa ningeshawishika na waliokuwa wakinong'ona kwamba nimetupiwa kitu. Mama mdogo alikwisha kuniletea kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani, nami nilinywa kwa kumheshimu na kwa dua yake. Jioni nikafanya mazoezi yangu kama kawaida.

Huduma hii haimfai kila mwenye kizunguzungu. Aliyeanza ghafla kuzungukwa na wakati huo huo maneno yanamkatika, anaona vitu viwili viwili, uso au mkono umelegea, au hawezi kabisa kusimama, ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu kiharusi kinaweza kujivika sura hii. Vivyo hivyo kwa aliyepoteza usikivu wa sikio moja kwa ghafla. Mwenye ugonjwa wa Ménière, ambao kizunguzungu chake huja kwa vipindi pamoja na mngurumo wa sikio na usikivu unaopanda na kushuka, anahitaji kwanza daktari wa kuvidhibiti vipindi hivyo, kwa kuwa ubongo hauwezi kuizoea hali inayobadilika kila mara.

Mimi sasa nafundisha vipindi vyangu vyote na nimerudi kwenye kivuko bila kushika chuma. Bodaboda usiku bado siipandi, na nikigeuka kushoto kwa haraka sana herufi za mbali huruka kidogo kabla ya kutulia. Mtaalamu alisema huenda hilo likabaki.

Nimempeleka shangazi yangu kwenye kliniki hiyo hiyo. Kizunguzungu chake kilikuja kila alipojigeuza kitandani na kuisha kabla ya dakika moja, na kumbe kilitokana na vijichembe vya chokaa vilivyobanduka na kuingia kwenye mfereji wa sikio. Alilazwa chali kichwa kikining'inia, akageuzwa upande mmoja kisha wa pili kwa utaratibu uliobuniwa na daktari John Epley wa Marekani, akaketishwa, na hakuhitaji kurudi. Tangu siku hiyo ananilalamikia kwamba tumelipa ada kamili ya kikao kwa kazi ya kupinduliwa mara nne, na anataka nikamwombee punguzo.