Gundi gani ununue ukitaka kupamba trei kwa karatasi

Kupamba trei, mkebe au stuli ya mbao kwa vipande vya karatasi huitwa dekupaji, jina lililotokana na neno la Kifaransa la kukata. Karatasi zenyewe hazina gharama: kalenda ya mwaka jana yatosha, au sevieti zenye maua, ila uchambue tabaka la juu pekee. Pesa inaliwa na gundi. Hizi ndizo nilizojaribu hapa Kisumu, nikianza na niipendayo.

Namba moja ni gundi nyeupe ya maseremala, PVA. Usihangaike kutafuta duka la vifaa vya sanaa. Shuka soko la Kibuye, kwa mafundi wa fanicha, uulize wananunua wapi. Ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka haionekani. Zipo zinazokauka na unjano, hizo waachie wenye milango. Kwa hiyo anza na kopo dogo: pakaza tone kwenye kipande cha kioo, ukiache hadi asubuhi, kisha ukiangalie juani. Kikiwa safi, rudi ununue kubwa. Mimi huchanganya vijiko vitatu vya gundi na kimoja cha maji, ili karatasi iteleze kidogo nikiwa bado naipanga.

Ya pili ni Mod Podge ya Marekani, gundi na vanishi katika chupa moja. Ni nzuri, sikatai. Lakini mara nyingi utaiagiza mtandaoni, na inahitaji kama wiki nne ikomae kabisa. Kwa trei ya kwanza, hayo ni maringo.

Uji wa unga wa ngano ni wa tatu, na ukiwa na watoto nyumbani upandishe hadi wa pili. Ni rahisi na hauna sumu. Shida ni unyevu wetu wa ziwani: kitu kisipokauka vizuri kinaota ukungu, na mende nao wanaupenda uji huo kuliko wewe.

Gundi ya ofisi, ya kijiti au ya chupa, inafaa kadi tu. Kwenye mbao kingo hubanduka. Ya mwisho kabisa ni ile ya mafundi viatu: inashika papo hapo, huwezi kusogeza picha, inaacha madoa ya manjano na harufu yake inaumiza kichwa.

Ulichookoa kwenye gundi kiweke kwenye vanishi ya maji. Ya mafuta hugeuka manjano kadiri siku zinavyopita. Trei ya kwanza niliyompa shangazi niliipaka mkono mmoja tu wa vanishi. Akaweka juu yake kikombe cha chai ya moto. PVA ikalainika, na alipokiinua kikaondoka na nusu ya waridi. Sasa napaka mikono mitatu, na bado namwambia aweke kitambaa chini ya kikombe.

Ukichapisha picha saiba, omba printa ya leza, maana wino wa kawaida hutapakaa ukiguswa na gundi. Brashi nayo chagua ya sponji. Zile za bei ya chini hutoa nywele, na nywele moja ikikaukia chini ya vanishi utaiona kila ukiandaa chai.