Tahadhari: Taa ya T-BELT Inazimwa, Mkanda wa Taimingi Haubadilishwi

Ninaandika tahadhari hii kwa wamiliki na madereva wa magari ya Toyota ya dizeli, hasa Hiace zenye injini za 3L na 5L ambazo wengi wetu tunazitumia kubebea abiria na wanafunzi. Nimetozwa fedha za mkanda wa taimingi, ule unaozungusha sehemu za ndani ya injini kwa mpangilio mmoja, ambao haukufungwa kamwe, na nimekuja kulijua hilo siku injini ilipozima barabarani gari likiwa na watoto 11 ndani. Gereji yenyewe sitaitaja, kwa kuwa shauri langu na fundi huyo bado liko mikononi mwa watu wengine. Lililo muhimu kwenu ni namna udanganyifu wenyewe unavyofanyika, maana ni mwepesi mno, na tangu yanikute nimeshakutana na wenye magari wawili waliotendewa yanayofanana na hayo.

Hiace yangu ni ya 5L, inapeleka wanafunzi shuleni kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Ilipofikisha kilomita 300,000 taa ya T-BELT, inayokumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi, iliwaka kwenye dashibodi, kama inavyopaswa kuwaka kila baada ya kilomita 100,000 kwa injini hizi. Dereva wangu alinipeleka kwa fundi aliyemfahamu kwa kazi ndogondogo za breki, naye akanipa hesabu ya shilingi 390,000: mkanda halisi 190,000, beringi ya kukazia mkanda 110,000 na ufundi 90,000. Nililipa zote taslimu na sikudai risiti. Aliniambia, "Mama, wewe kapumzike tu, ukirudi utakuta gari liko tayari." Nilikwenda sokoni, na kabla saa moja haijatimia alinipigia simu kwamba kazi imekwisha. Nilikuta taa imezimika, injini inanguruma vizuri, na juu ya kiti ameniwekea mkanda mchakavu akisema ndio uliotolewa. Nilimshukuru, nikaondoka nikiwa na amani kabisa.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo nawaomba mlijue, ni kwamba taa ile haiuoni mkanda. Haina chombo chochote kinachopima uchakavu wake. Inafuata hesabu ya kilomita peke yake. Kwenye dashibodi za aina hii, pembeni ya saa ya mwendo, pana tundu dogo lililozibwa kwa kifuniko cha mpira. Fundi hukitoa kifuniko, huingiza waya mwembamba na kubonyeza kitufe kilichomo ndani, na taa inazimika hadi kilomita nyingine 100,000 zitimie. Kwenye baadhi ya magari hufanywa kwa kuhamisha skrubu nyuma ya dashibodi. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo kazi pekee niliyofanyiwa kwa shilingi 390,000.

Kiasi cha miezi miwili baadaye, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari lilizima ghafla katika Barabara ya Kilwa, karibu na Mtoni Mtongani, malori yakiwa nyuma yake. Usukani ulikuwa mzito na dereva alijitahidi kulisogeza pembeni kwa nguvu ya mwendo uliobaki. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyeumia. Kila nikiikumbuka asubuhi ile mikono yangu hutetemeka, na ndiyo sababu siwezi kulichukulia jambo hili kuwa ni hasara ya fedha tu.

Fundi wa pili, ambaye nilielekezwa kwake na jirani mwenye magari matatu, alikataa kuanza kazi kabla sijafika na kujionea mwenyewe. Nati kubwa ya puli ya kranki (gurudumu la mkanda lililo mwisho wa mhimili mkuu wa injini) ilikuwa na kutu na tope gumu la muda mrefu, wala haikuwa na alama ya soketi iliyopita hivi karibuni, na bila kuitoa puli hiyo mkanda hauwezi kutoka. Bolti za kava linalofunika mkanda zilikuwa vivyo hivyo. Ndani tulikuta mkanda uliong'aa mgongoni, wenye nyufa, maandishi yake yote yamefutika, na meno yake yamenyofoka sehemu moja. Kisha akauchukua ule mkanda mchakavu niliopewa kama ushahidi, akaulaza kando ya ule uliotoka kwenye gari langu: ulikuwa mfupi kwa takriban upana wa viganja viwili. Ulikuwa mkanda wa gari jingine kabisa, uliohifadhiwa kwa ajili ya kuwaonyesha watu kama mimi.

Kwenye injini hizi mkanda wa taimingi ndio unaoziunganisha kranki, kamshafti (mhimili unaofungua na kufunga valvu, yaani milango midogo ya hewa na moshi) na pampu ya dizeli ili zizunguke kwa mpangilio mmoja. Meno yakinyofoka, kamshafti husimama na kuacha valvu zingine zikiwa zimefunguka, huku pistoni zikiendelea kupanda na kuzigonga. Kwangu mimi valvu tano kati ya nane zilipinda. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachobeba valvu, ilifunguliwa, ikapelekwa kwa wachonga vyuma, zikanunuliwa valvu, gasketi, mkanda na beringi mpya, na jumla niliyolipa pamoja na ufundi ilifika shilingi 1,450,000. Sijaziweka humo siku tisa ambazo gari lilisimama na nauli za bajaji nilizowalipia wanafunzi.

Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, na fundi wa kwanza aliitwa. Alidai kwamba mkanda alioufunga ulikuwa na kasoro ya kiwandani. Sikuwa na risiti ya duka wala ya gereji, sikuwa na picha hata moja, na mwenyekiti aliniuliza kwa upole nitathibitishaje kwamba mkanda mbovu ndio ule wa zamani. Nilichokuwa nacho ni ule mkanda mfupi, na huo ndio ulioniokoa kidogo, kwani hakuweza kueleza ulitokaje kwenye gari langu. Ameahidi kurudisha fedha kwa awamu. Mpaka leo ninapoandika amerudisha 100,000.

Kuna sura nyingine ya ulaghai huu inayowahusu wenye magari madogo ya petroli. Mmoja wa wale wawili niliowataja ana Toyota IST, na alitozwa shilingi 220,000 za mkanda wa taimingi. IST haina mkanda wa taimingi. Injini zake, za 1NZ na 2NZ, zinatumia cheni iliyo ndani ya injini na inayolainishwa na oili. Injini hizo hizo zimo pia katika magari mengi ya Toyota yanayotembea mijini kwetu. Alichoonyeshwa ni mkanda wa nje unaozungusha jenereta ya gari, ambao bei yake ni ndogo na kazi yake ni fupi. Wenye Corolla 110, RAV4 za kwanza zenye 3S, na Subaru Forester zenye EJ20 wao wana mkanda wa taimingi kweli, na kwa 3S na EJ20 mkanda huo ndio unaozungusha pia pampu ya maji, kwa hiyo huko ni busara kuibadilisha pampu wakati huo huo kuliko kulipia ufundi mara mbili. Kwa 5L pampu ya maji inazungushwa na mikanda ya nje. Fundi akikuambia lazima ibadilishwe kwa sababu ya taimingi, mwombe akuonyeshe vinakutana wapi. Soma namba ya injini yako kabla hujakubali bei yoyote.

Fundi wa pili alinifundisha kukaa na kazi hii mpaka mwisho, na nimekuwa nikiwasisitizia wenzangu hivyo. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, na kufikia mkanda kunataka kutoa mikanda ya nje, puli na kava. Yeye ilimchukua karibu saa nne, akiwa na msaidizi. Anayemaliza kwa dakika 40 hajafungua kitu. Nilinunua spea mwenyewe kwenye maduka ya Gerezani, nikadai risiti ya mashine ya kodi yenye jina la kipuri, kwa sababu fundi anapotumwa dukani peke yake mara nyingi huweka cha juu, na wapo wanaouziwa boksi la Toyota lenye mkanda bandia ndani. Namba za mikanda ya taimingi ya Toyota huanza na 13568. Linganisha iliyo kwenye boksi na iliyochapwa mgongoni mwa mkanda wenyewe, na kama hazifanani usilipe.

Kabla ya kava kurudishwa piga picha ya mkanda mpya ukiwa umefungwa, maandishi yake yakionekana, na picha nyingine ya kilomita kwenye dashibodi. Angalia kama oili sili (mipira ya kuzuia oili) za kamshafti na kranki zinavuja, maana oili huula mkanda mpya kwa muda mfupi. Halafu hakikisha fundi anaizungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya kranki, mizunguko miwili kamili, alama za puli zirudi mahali pake, ndipo awashe kwa ufunguo. Akitaka kuwasha moja kwa moja, mzuie. Alama ikikosewa valvu zinaweza kupinda palepale gereji. Taa ya T-BELT izimwe mwisho, wewe ukiwapo.

Kwa wanaonunua gari lililotoka Japani, tafuteni kibandiko kwenye chumba cha injini au pembeni mwa mlango. Mafundi wa huko mara nyingi huandika humo tarehe na kilomita za kubadilisha mkanda, na mwaka unaweza kuwa wa Heisei, yaani wa hesabu ya miaka ya Kijapani: Heisei 21 ni mwaka 2009. Kibandiko kisipokuwepo, msiitegemee taa, kwa sababu dashibodi nzima inaweza kuwa imebadilishwa. Mkanda huzeeka kwa miaka pia, hata gari likiwa limesimama.

Aliyeuziwa kipuri bandia na bado ana boksi na risiti anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo inashughulikia bidhaa bandia. Na kama Hiace yako ilibadilishwa mkanda upande wa Mbagala mwaka huu, kazi ikaisha kwa muda usiofika saa moja nawe hukuwapo, tafadhali ipeleke kwa fundi mwingine afungue kava kabla hujawapakia tena watoto wa watu.